Chuo Kinapokopa kwa Mwalimu

Buruburu, mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ilijengwa kwa ajili ya watu wenye hati ya mshahara. Miaka ya 1970, serikali, Halmashauri ya Jiji na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola kutoka Uingereza walipoanza kuinua ya kwanza kati ya awamu zake tano, mnunuzi waliyemkusudia alikuwa karani wa wizara, mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa benki. Alikuwa mtu ambaye mwajiri wake angeandika barua ya ukurasa mmoja, na mkopeshaji akaamini kwamba pesa zitaingia mwezi ujao na miaka mingi baadaye. Umoja, ng'ambo ya barabara ya Outering, ilijengwa muongo huo huo kwa fedha za msaada wa Wamarekani, ikalenga wenye kipato cha chini ya hapo. Dandora ilianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: ulipewa kiwanja, bomba la maji na choo, ukajijengea mwenyewe. Eastlands ya miaka hiyo ilipangwa kwa ngazi za mshahara.

Leo, nyuma ya nyumba zile zile kumeota vyumba vya kupangisha, orofa juu ya orofa, na katika baadhi ya vyumba hivyo anaishi mtu mwenye shahada ya uzamili au ya uzamivu ambaye hawezi kuipata ile barua ya ukurasa mmoja. Jumanne asubuhi anafundisha chuo kikuu kimoja, Alhamisi jioni kingine, Jumamosi mchana kutwa cha tatu. Wanafunzi wanamwita Daktari hata kama bado hajawa. Majirani wanamwita Prof. Na katika vyuo vyote hivyo vitatu, jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara.

Mhadhiri huyu wa muda nimekaa naye kwenye foleni za ofisi za fedha, nimepanda naye matatu za Jogoo Road saa tatu usiku, nimesikia jinsi anavyojieleza. Husema, "Nadai mshahara wangu." Ningependa aache kusema hivyo, na mengine yote katika makala haya yanatokana na jambo hili moja. Mshahara uliochelewa ni ule wa mtu aliyeajiriwa, ambaye mwajiri wake amepitisha tarehe. Wewe, mhadhiri wa muda, umetoa mkopo. Nauli ulilipa wewe, vifurushi vya intaneti ulinunua wewe, karatasi za mazoezi ulizitoa nakala kwa pesa zako, na ulikula na kulala kwa gharama yako miezi yote minne ya semesta. Chuo kilipokea kazi yako siku ile ile uliyoifanya, kisha kikakaa na pesa zako mwaka mzima, mara nyingine miwili, bila riba. Wewe ndiwe mkopeshaji.

Mwenye duka wa Umoja anaijua kazi hii ya kukopesha vizuri kuliko wengi wetu. Ana daftari. Ndani yake kila mteja ana ukurasa, na kila ukurasa una kikomo ambacho mwenye duka hakitangazi lakini hakivuki. Ukifika hapo atakwambia kwa upole, "Punguza kwanza, mwalimu." Hakuchukii. Anajua tu kwamba asipokuzuia wewe, keshokutwa hatakuwa na unga wa kumuuzia mwingine. Mhadhiri wa muda hukopesha taasisi yenye madeni ya mabilioni bila daftari, bila kikomo, na bila hata kuuliza atalipwa lini.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na ni muhimu kujua hali ilivyogeuka, kwa sababu wengi wetu bado tunaishi kwa kumbukumbu ya miaka iliyokuwa mizuri. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, mpango ambao watu waliuita Moduli ya Pili, na vyuo vingine vikafuata. Madarasa ya jioni na ya Jumamosi yakajaa makarani, walimu, askari, wafanyakazi wa benki. Kampasi zikapanda orofa za katikati ya jiji, juu ya maduka na benki. Walimu wa kudumu hawakutosha, ndipo mhadhiri wa muda akawa mtu wa lazima. Alilipwa kutoka kwa karo iliyokuwa inaingia moja kwa moja, na kwa kuwa karo ilikuwepo, malipo yalikuja. Wapo waliojenga nyumba Ruai na Kamulu kwa pesa hizo.

Kisha mambo mawili yalikutana. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilifuatwa na wimbi la kupandisha vyuo vishiriki hadhi, na kufikia mwaka 2013 vyuo vikuu vya umma vilikuwa vimetoka 7 hadi 22. Kila kimoja kilihitaji walimu kuliko uwezo wake wa kuajiri. Halafu ukaja mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2016, chini ya Waziri wa Elimu Fred Matiang'i. Mianya ya wizi wa mitihani ilizibwa, na waliopata alama ya C+ kwenda juu, inayohitajika kuingia chuo kikuu, ambao mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 160,000, wakashuka hadi 88,929. Nafasi za kufadhiliwa na serikali zikawatosha wote. Basi nani angebaki ajilipie Moduli ya Pili? Ile karo ya jioni iliyokuwa ikitulipa ilikauka ndani ya miaka michache, na kampasi za mjini zikaanza kufungwa.

Madarasa bado yalihitaji walimu, ila mlipaji alibadilika. Sasa pesa zilitoka Hazina ya Taifa. Mfumo wa mwaka 2017 uliahidi kwamba serikali itabeba asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi kulingana na kozi yake, na ahadi hiyo haikutimia. Mfumo mwingine ukaja mwaka 2023, wa kupima uwezo wa familia na kugawa ufadhili na mikopo, nao ukaingia mahakamani. Chuo kinachopokea pungufu lazima kichague nani asubiri. Walimu wa kudumu wana chama chao, UASU, na mwaka 2025 walisimamisha masomo kwa siku 49 hadi serikali ikakubali kulipa Sh7.9 bilioni za mkataba wao. Mhadhiri wa muda hana wa kugoma kwa niaba yake. Deni lake huishia katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwenye fungu la madeni yasiyolipwa.

Ninaeleza haya ili hasira yako ipate anwani sahihi. Mwenyekiti wa idara aliyekupigia simu uje ufundishe hakukudanganya. Ana kozi isiyo na mwalimu na wanafunzi 200 waliokaa wakisubiri, na daftari la fedha haliko kwake. Ukimgombeza utapoteza mtu pekee anayelijua jina lako pale chuoni.

Sasa chukua kalamu. Tuseme saa moja inalipwa Sh1,500 na kozi ina saa 45. Hiyo ni Sh67,500 kabla ya kodi. Ukichukua kozi nne kwa semesta ya miezi minne umepata wastani wa Sh67,500 kwa mwezi, na kwa mtu wa Umoja au Kayole hizo si haba. Hesabu hii ndiyo inayotutia mtegoni, kwa kuwa haina tarehe. Weka tarehe: malipo yaje baada ya miezi 12. Kodi ya nyumba haingoji miezi 12, kwa hiyo unakopa kwenye simu. M-Shwari ilianza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na tutumie kiwango hicho. Ukikopa Sh20,000, ada ni Sh1,500. Ni saa nzima uliyosimama mbele ya darasa. Ukiuzungusha mkopo huo mwaka mzima, umetoa saa 12 kati ya 45 za kozi moja, zaidi ya robo, kwa sababu tu chuo kimechelewa. Na hujahesabu nauli ya Umoja hadi mjini, kutoka mjini hadi Thika Road, na kurudi usiku wa mvua nauli ikiwa imepanda maradufu.

Kwa hesabu hiyo, ushauri wa kuongeza kozi ili uongeze kipato ni ushauri mbaya. Kila kozi mpya unayoongeza wakati za zamani hazijalipwa inakuza mkopo wako kwa mdaiwa yule yule. Weka kikomo chako, kwa shilingi, na ukiandike: kiasi ambacho kikichelewa mwaka mzima, nyumba yako bado italipiwa. Kwa wengi ninaowafahamu kikomo hicho ni kozi moja kwa kila chuo, na ya pili isianze kabla ya ya kwanza kulipwa. Utaambiwa kuna kumi nyuma yako wanaoitaka nafasi hiyo. Ni kweli wapo. Lakini hata hao kumi wakiichukua, unga wako hautapungua, kwa kuwa nafasi hiyo haikuwa inakuletea unga mwezi huu.

Jambo la pili ni kutafuta mlipaji wa aina nyingine. Wengi wetu tumejilinda kwa kufundisha vyuo vitatu badala ya kimoja, tukidhani tumetawanya hatari. Hatukuitawanya. Vyuo vya umma vyote vinangoja Hazina ile ile, na Hazina ikichelewa vinachelewa kwa pamoja. Vyuo binafsi vinategemea karo ya wazazi ambao nao wamebanwa na uchumi ule ule. Unahitaji kazi ya pili ambayo mlipaji wake hana uhusiano na chuo kikuu chochote, na inayolipa kwa wiki. Mwenzangu mmoja anayefundisha takwimu huwatunzia hesabu wafanyabiashara wa mitumba wa soko la Gikomba kila Jumamosi. Pesa ni kidogo, lakini zinaingia kwenye simu jioni ile ile, na ndizo zinazolipa kodi yake ya nyumba. Mwingine anahariri lugha ya tasnifu na kutafsiri. Wapo wanaowaandaa watahiniwa wa uhasibu, na wapo wanaofundisha Kiswahili kwa wageni kupitia mtandao.

Kuna kazi moja nisiyoipendekeza, nayo lazima niitaje kwa sababu ilitulisha wengi. Kwa miaka mingi Nairobi ilijulikana duniani kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, inawaonyesha vijana hao na vipaji vyao. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2022 sehemu kubwa ya kazi hiyo imeyeyuka. Hata ingekuwepo, mtu anayemfelisha mwanafunzi wake kwa kosa hilo mchana hawezi kulifanya usiku akabaki mzima moyoni. Nimewaona waliojaribu. Kwanza walianza kutoamini insha yoyote waliyosahihisha, kisha wakaacha kuisoma.

Jambo la tatu ni karatasi. Mkopeshaji bila karatasi hana kesi. Usiingie darasani kabla ya barua ya uteuzi, na kama barua "iko njiani", andika baruapepe siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti: nimeanza kufundisha kozi fulani, tarehe fulani, kwa kiwango tulichokubaliana cha shilingi kadhaa. Weka nakala ya ratiba, daftari la mahudhurio, mtihani uliotunga, na orodha ya alama yenye muhuri wa idara. Fomu ya madai ipelekwe mapema kadiri utaratibu unavyoruhusu, na nakala yako igongwe muhuri mbele yako. Madai mengi hupotea kati ya meza mbili, na asiye na nakala huanza upya nyuma ya foleni.

Angalia pia jinsi ulivyokatwa kodi. Vyuo vingine hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kama vile wewe ni mshauri aliyekodiwa. Vingine hukukata kodi ya mshahara kama mfanyakazi. Hati ya makato hayo itunze, kwa sababu aliyekukata kama mfanyakazi atapata taabu kusema baadaye kwamba hukuwa mfanyakazi wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inaeleza jinsi kibarua aliyefanya kazi mfululizo anavyoweza kuhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi, na Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Kama vifungu hivi vinakuhusu itategemea barua na saa zako, na hilo ni la wakili kuamua. Lakini muda si wa kuamua: dai la mkataba wa ajira linapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 3. Wengi hukaa kwa heshima, wakipiga simu kila mwezi, hadi mwaka wa nne.

Kabla ya mahakama kuna njia ambayo wachache huitumia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuiuliza taasisi ya umma, kwa maandishi, habari inazozishikilia, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Uliza: madai yangu ya semesta fulani yamefika wapi, na mnalipa kwa mpangilio gani? Isipojibu, Tume ya Haki za Utawala hupokea malalamiko. Barua ya mtu mmoja husomwa polepole. Barua yenye majina ya watu kumi na watano wa idara moja hupata mkutano, na mkutano hupata ratiba ya malipo. Hapa ndipo tumekuwa wanyonge zaidi, kwa kuwa kila mmoja huingia kampasi, hufundisha, na kukimbilia matatu bila kujua jina la mwenzake aliyetoka darasa lile lile. Anzeni na kundi la WhatsApp, na kila mmoja aandike anadai kiasi gani, tangu lini.

Mtaniuliza kuhusu alama. Kuzishikilia hadi ulipwe kunaonekana kama silaha pekee tuliyo nayo. Siafiki mtu mmoja mmoja kufanya hivyo. Alama zikikosekana, anayekosa kuhitimu ni binti wa Kayole ambaye mama yake aliuza mboga sokoni Mutindwa ili alipe karo. Ofisi ya fedha haitakosa usingizi kwa ajili yake. Kama ni kusimama, simameni kwa pamoja, mwanzoni mwa semesta, kabla ya darasa la kwanza, mkiwa mmewaambia wanafunzi sababu. Wakati huo chuo ndicho chenye haraka.

Yaliyobaki ni ya mtaani, na kwangu ndiyo mazito. Eastlands inamheshimu mwalimu. Kwenye matanga utatajwa kama msomi wa jamaa, na mchango wako utangojwa kulingana na cheo hicho. Kwa hiyo tunaficha. Tunatoka alfajiri kabla msimamizi wa nyumba hajaamka na kurudi akiwa amelala, tukiogopa mlango kufungwa kwa kufuli jingine tarehe 5 ikipita. Tunawadanganya hata wake na waume zetu kuhusu malipo "yaliyokwisha pitishwa". Aibu hii ni mzigo usio wetu. Mwenye nyumba akiambiwa mapema, akionyeshwa fomu yenye muhuri, na akilipwa sehemu kila mwezi kutoka kwa ile kazi ya Jumamosi, mara nyingi huvumilia kuliko unavyodhani, kwa maana mpangaji anayejulikana ni afadhali kuliko chumba kitupu. Anayemkimbia ndiye anayefungiwa.

Dhiki hii imewapata watu hata mbali na hapa. Margaret Mary Vojtko alifundisha Kifaransa kwa miaka 25 Duquesne University, mjini Pittsburgh, kwa mikataba ya muda. Mkataba haukuongezwa, alikuwa mgonjwa wa saratani, na nyumba yake haikuwa na joto la kutosha wakati wa baridi. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 83, na habari ya dhiki yake ikaenea kupitia gazeti. Marekani ni nchi tajiri, na hata huko mwalimu wa muda aliishia katika dhiki. Kwa hiyo malipo yoyote yakiingia, kabla ya deni la simu, lipia Mamlaka ya Afya ya Jamii. Walio nje ya orodha za mishahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, asilimia 2.75 ya kipato kilichokadiriwa na si chini ya Sh300 kwa mwezi. Ukilazwa Hospitali ya Mama Lucy bila hiyo, ndugu zako ndio watakaochangishana.

Kuhusu uzamivu nitasema machache. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vya mwaka 2014 vya kumtaka mhadhiri awe na shahada hiyo, wengi wameisaka wakiamini itawaingiza kwenye orodha ya mishahara. Isome kama una swali linalokuwasha, au kama kuna anayekufadhili. Usiikopee pesa ukiitarajia ikulinde. Walioipata nao wamo kwenye foleni hii.

Basi semesta mpya inakaribia na simu inalia. Ni mwenyekiti wa idara, ana kozi, darasa linaanza Jumatatu. Kabla ya kusema ndiyo, muulize: barua itatoka kabla ya Jumatatu? Wanafunzi ni wangapi, na usahihishaji wa karatasi 300 unalipwa vipi? Kisha uliza lile ambalo hatuna mazoea ya kuliuliza: kwa sasa ofisi ya fedha inalipa madai ya semesta gani? Mwenyekiti mkweli atakwambia, pengine kwa sauti ya chini, kwamba wako kwenye yale ya Mei mwaka juzi. Sasa unaujua muda wa mkopo anaokuomba. Mshukuru, mwambie utampigia kesho, ukae na kalamu yako.